Mwezekaji na Paa la Mkaza Mwana

Miaka ile ya sitini, kabla mabati hayajatapakaa kwenye vilima vya Nyamira, mtu aliyetaka nyumba isiyovuja alikwenda kwa Machogu. Alikaa kwenye mteremko ulio chini ya soko la Ekerenyo, mzee mfupi mwenye vidole vilivyopinda kwa kufunga kamba za mgomba tangu ujana. Alikuwa na maringo ya kazi yake, na watu walimvumilia kwa sababu mapaa yake hayakuvuja. Akipita mbele ya nyumba iliyoezekwa na mwingine alisimama, akaitazama kwa huruma kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, kisha akaenda zake bila kusema neno. Kule kutosema ndiko kulikowaudhi wenye nyumba.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu usiobadilika. Alianza na mafungu ya nyasi ya upenuni, akapanda akizunguka, kila safu ikiilalia ile iliyo chini yake, mpaka akafika kileleni, ambako hufungwa fungu la mwisho. Huko juu alipenda kuimba nyimbo za kanisani, maana alikuwa Msabato wa kweli, ila Mungu hakumjalia sauti. Wake wenye nyumba walimpikia vizuri siku hizo. Ilisemekana kwamba akilishwa ovyo huacha tundu dogo juu ya meko. Hakuwahi kufanya hivyo maishani, lakini hakukanusha pia.

Nyumba moja tu hakukubali kuiezeka, nayo ilikuwa karibu na mlango wake kuliko nyumba nyingine yoyote. Ni nyumba ya mwanawe wa pekee, Makori.

Kwa Wagusii, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Si ugomvi wala si chuki. Ni heshima, wenyewe huiita ensoni, na anayeivunja ni kama amejivua nguo mbele za watu. Baba mkwe hakioni kitanda cha mkaza mwana, na mkaza mwana hamgusi baba mkwe wala hamkazii macho. Wazee wengine waliishia kwenye kizingiti, wakaona inatosha. Machogu alikwenda mbali zaidi. Alisema aliye juu ya paa yuko juu ya kitanda, kwa hiyo hata paani hatapanda. Makori alipooa, nyumba yake iliezekwa na Ongeri, kijana ambaye Machogu mwenyewe alimfunza kazi. Siku ile mzee alisimama migombani, akamtazama Ongeri akizibana nyasi haraka haraka kwa sababu alikuwa na kazi nyingine mbele, akauma meno.

Mke wa Makori aliitwa Bitutu. Alitoka upande wa Nyakoe, mrefu, mpole wa maneno na mkaidi wa vitendo. Makori alifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai huko Kericho, akawa anaonekana nyumbani kwa nadra, na tangu mama yake alipofariki ni Bitutu aliyempikia mzee. Alileta chakula, akakiweka juu ya kigoda nje ya nyumba ya Machogu, akageuza uso pembeni, akasema, "Tata, chakula," kwa kuwa tata kwao ni baba. Mzee alijibu kutoka ndani, "Asante, moka-Makori," yaani mke wa Makori. Mazungumzo yao yaliishia hapo, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo Machogu hakujua uso wa mkaza mwana wake ulivyo anapocheka. Aliujua ugali wake wa wimbi, aliijua mboga yake ya managu, na aliijua sauti yake anapombembeleza mwanawe mchanga, Nyasani. Alimpenda kuliko alivyoweza kusema, na ensoni ilimpunguzia taabu ya kutafuta maneno.

Upepo wa kwanza ulikuja mwishoni mwa kiangazi, miaka michache baada ya Uhuru. Ulikuja mchana, siku ya soko, watu wengi wakiwa nje, na labda ndiyo sababu hakufa mtu. Uliteremka kutoka upande wa Kericho, ukavuma bila kupumzika mpaka jioni. Migomba ililala yote upande mmoja. Vibanda vya soko viliokotwa mtoni. Kanisa la Wasabato lilivuliwa paa lote, na shule ikabaki na darasa moja la kujibanza. Jua lilipotua, kilima kizima kilikuwa na nyumba zilizo wazi kama vyungu visivyo na vifuniko, na watu wamesimama nje wakiitazama mbingu mahali ilipokuwa haionekani asubuhi.

Mapaa ya Machogu nayo yaliumia, lakini mengi yalishika. Nyumba yake mwenyewe haikupoteza hata unyasi. Ile ya Makori ilipoteza nusu nzima, upande wa nyuma, ambako Ongeri alifanya haraka. Machogu alipoliona hilo alifurahi kidogo, kidogo sana, fundi yeyote atalielewa jambo hilo. Kisha akamwona Bitutu amembeba Nyasani mgongoni, anavuta kitanda chake peke yake kukipeleka chini ya ile nusu iliyobaki, akaona haya kwa ile furaha yake.

Tangu kesho yake hakupumzika. Mabati yalikuwa yameisha; Ratilal, mwenye duka la vifaa kule mjini Kisii, aliwaambia wateja wangoje lori, na lori halikujulikana litakuja lini. Walimtegemea Machogu basi, na nyasi nazo zilikuwa adimu, maana mabonde yaliyokuwa na nyasi ndefu zamani sasa yalikuwa yamepandwa chai na pareto. Watu walizifuata mbali, wakarudi na mafungu kichwani. Machogu aliezeka nyumba za wajane kwanza, halafu za wagonjwa, halafu za waliokuwa na watoto wengi, na Jumapili akafanya kazi ya kanisa. Kila jioni alirudi mikono inanuka nyasi za watu, akaipita nyumba ya mwanawe ikiwa wazi nusu, akaingia katika nyumba yake isiyovuja.

Hapo ndipo usingizi ulipomkataa. Masika yalikuwa karibu, na mtoto Nyasani alikuwa ameanza kukohoa. Kila alipokisikia kikohozi kile, mzee alihesabu upya moyoni nani angeweza kupanda juu ya nyumba ile. Makori aliomba ruhusa kazini, akaambiwa angoje. Ongeri alikuwa mjini Nyamira, ameshikwa na kazi za wakubwa wenye nyumba kubwa, kila siku akituma salamu kwamba kesho anakuja. Machogu alijaribu kumwachia Bitutu nyumba yake, yeye akalale na ng'ombe. Bitutu alimtuma jirani amwambie kwamba hawezi kulala kwenye kitanda cha baba mkwe wake, na kwamba ameshukuru. Jirani huyo mwenyewe, Persis, alikuwa na ndugu waliojaa nyumbani kwake mpaka jikoni, lakini mvua zikizidi alimbanza Bitutu na mtoto palipopatikana.

Persis alikuwa shemasi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Siku moja alichoka kuingoja kesho ya Ongeri. Alikuja na ngazi, akamwambia Machogu kwamba atapanda yeye, na mzee amwelekeze kutoka chini. Wanawake hawakuwa wakiezeka, na Machogu alikuwa na la kusema juu ya hilo, lakini alikumbuka kikohozi akalimeza. Zile nyasi bora alizokuwa akiziweka kando fungu moja moja, kutoka kila kazi aliyoifanya, akazileta uwanjani. Halafu akaenda kusimama nyuma ya migomba, mgongo ameigeuzia nyumba, asije akaona ndani kupitia lile tundu, na kutoka huko akaanza kuamrisha.

Basi ikawa vituko. Machogu alipaza sauti asogeze fungu kushoto. Persis akauliza kushoto kwa nani, maana yeye anatazama huku na mzee anatazama kule. Mzee akasema akaze kamba. Persis akasema ameikaza mpaka imekatika. Majirani walikuja kuangalia, wakakaa kitako kabisa. Hata Bitutu, aliyekuwa chini akipokeza mafungu, alisikika akicheka, na Machogu nyuma ya migomba yake aliinamisha kichwa asikilize vizuri. Ilipofika jioni tundu lilikuwa limezibwa. Paa lilifanana na kuku anayenyonyoka, na mvua ya kwanza ilipita mahali pengi, lakini haikumiminika tena kama zamani. Persis aliteremka akimsifu Bwana, na hakuigusa ngazi tena maisha yake yote.

Kilima kilikuwa katikati ya kujiponya hivyo, nyumba hii imefunikwa, ile bado, mafundi wangali juu ya ngazi, kisulisuli kilipokuja.

Ilikuwa alasiri. Mvua ya mawe ilitangulia, na hilo halikumshangaza mtu, kwa kuwa mvua ya mawe nchi ile ni mgeni anayejua njia. Machogu alikuwa juu ya paa la kanisa akimalizia. Alishuka ajikinge, na aliposhuka aliona kule bondeni kitu cheusi chembamba kimesimama kati ya mto na mawingu, kinajizungusha. Kilikuwa kinapanda mlima. Kilifika kwenye nyumba ya mjane aliyemwezekea wiki iliyopita, na paa lile likaruka zima zima, likafumuka hewani nyasi kwa nyasi. Kikaenda kwa nyumba ya pili yake, nayo ikafumuka vilevile. Upepo wa kwanza ulikuwa umekipiga kilima chote kwa jumla. Hiki kilichagua njia, na katika njia hiyo hakikuacha kitu. Machogu alitazama kazi ya mikono yake ya siku zote zile ikizunguka juu ya bonde. Halafu akaona kimegeuka kuelekea kwake nyumbani, akaacha kutazama mapaa, akakimbia.

Kilipita kabla hajafika. Alikuta migomba haipo, boma la ng'ombe halipo, ila nyumba yake mwenyewe kilikuwa kimeipitia kando. Nyumba ya Makori ilikuwa imepoteza paa lote, ile nusu ya Ongeri na ile ya Persis, na ukuta wa nyuma ulikuwa umeanguka. Ukuta wa mbele ulibaki umesimama, mlango ukiwa mahali pake na umefungwa vizuri. Mawe ya mvua yalikuwa yanaanguka bado. Ndani, Nyasani alikuwa analia.

Sasa angalia tabia ya mtu. Angeweza kuzunguka nyuma, apite juu ya udongo wa ukuta ulioanguka, na hapangekuwa na kesi yoyote baadaye. Lakini Machogu alikuwa mtu wa adabu tangu utotoni, na mbele yake palikuwa na mlango. Akasimama mbele ya mlango, anahema, mawe yanampiga kichwani, akapiga hodi.

"Tata, usiingie," Bitutu akajibu kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Boriti imeniangukia mguu. Mwite Persis."

Machogu aligeuka akatazama. Kwa Persis hapakuwa na mtu uwanjani, na njia yote ilikuwa nyeupe kwa mawe. Aliweka mkono juu ya mlango, akauondoa. Miaka yote ile alikuwa hajawahi hata kuuegemea. Mtoto alilia tena, safari hii kwa sauti iliyokatikakatika.

"Moka-Makori," akasema, "huko juu yako kuna nini?"

"Mawe, Tata. Yanatupiga."

"Basi hapo si nyumbani kwa mtu. Nyumba ni paa. Nani anajua hilo kuliko mimi?"

Akasukuma mlango, akaingia.

Alimkuta amejikunja juu ya mtoto, mgongo wake umeyapokea mawe yote, nguo imechanika begani, mguu mmoja umebanwa chini ya boriti. Machogu alivua koti lake akamfunika akiwa ametazama pembeni. Akaiinua boriti kwa bega, na kwa umri wake mpaka leo haijulikani aliiinuaje. Bitutu alivuta mguu akatoka, lakini alipojaribu kusimama alianguka. Mzee akamnyoshea mkono. Bitutu akautazama ule mkono asiushike.

"Nishike," Machogu akamwambia. "Mtoto anapigwa."

Akaushika. Wakatoka hivyo, mzee amemkumbatia mjukuu kwa mkono mmoja na mkono wa pili ameshikana na mkaza mwana wake, wakajibanza chini ya upenu wa nyumba ya Machogu mpaka mawe yakaisha.

Aliyeleta matata ni Persis, na aliyaleta kwa mapenzi. Alikisimulia kisa kile kanisani, kisimani na sokoni, jinsi mzee yule wa watu alivyomwokoa mkaza mwana wake, na ili watu waone heshima aliyo nayo, hakusahau kusema kwamba hata katika hatari ile alipiga hodi kwanza. Wasikilizaji walifurahi. Nyamongo, mkubwa wa ukoo, alipoisikia ile hodi hakufurahi.

Hakuwa mtu mbaya Nyamongo. Alikuwa mtu aliyeogopa vitu vinavyobomoka, na mwaka ule aliona vinabomoka vingi. Aliwaita wazee wakutane palepale uwanjani, mbele ya nyumba iliyoharibika. Makori alikuwa amekwisha fika kutoka Kericho, kwa kuwa baada ya kisulisuli hata wakubwa wake waliona aibu kumzuia. Alisimama kando, kijana aliyeshukuru na kuona haya kwa pamoja, asijue atazame wapi. Wanawake walikaa upande wao. Bitutu alikuwa kati yao, mguu umefungwa kitambaa, Nyasani anakohoa mapajani mwa Persis.

Nyamongo alisema hakuna anayebisha kwamba mtu ameokoka. Shida yake ni kwamba ensoni imevunjwa na haijasafishwa, na jambo lisilosafishwa humrudia mtoto. Kikohozi kile hawakisikii? Akamgeukia Machogu.

"Ulipiga hodi?"

"Nilipiga."

"Mtu hupiga hodi penye uwanja?"

Machogu akaona kwamba kwa hodi ile alikuwa amekiri kuwa pale ni nyumba. Alisema tu kwamba kosa ni lake, si la mke wa Makori, na kama kuna la kulipwa atalilipa yeye. Nyamongo akatikisa kichwa. Alisema mwanamke arudi kwao Nyakoe pamoja na mtoto mpaka utakaso ufanywe, na kwa kuwa nyumba zimeanguka na watu wana shughuli, huenda ikawa ni baada ya mavuno. Mzee Machogu alimtazama mjukuu wake akikohoa, akafikiria njia ya Nyakoe katika masika, na moyo ukamwuma kweli. Aliona alichokiokoa kwa bega lake sasa kinapotezwa kwa neno lake mwenyewe.

Wakati huo mvua ilikuwa imeanza kudondoka, na wazee walianza kuvuta makoti yao. Ndipo Bitutu aliposimama. Aliuvuka uwanja akichechemea, akafika kwenye nyumba yake, akafungua mlango, akaingia, akaufunga nyuma yake. Kwa kuwa ukuta wa nyuma ulikuwa umelala chini, waliosogea kidogo upande ule walimwona vizuri. Alikaa juu ya kitanda chake kilichovunjika, mikono mapajani. Mvua ikazidi. Wazee wakasogea chini ya upenu wa Machogu wakabanana, na Bitutu akabaki amekaa, kitambaa cha kichwa kimelowa, maji yanamtiririka usoni.

Walingoja atoke. Hakutoka. Persis akaanza kulia kwa sauti yake ile kubwa, na Makori akatoka mvuani akaenda kusimama mlangoni pa mkewe. Mwishowe Nyamongo hakuweza kuvumilia.

"Mama, toka huko. Unanyeshewa."

"Sijatoka nyumbani kwangu, Tata," Bitutu akajibu bila kuinua macho. "Mvua hainyeshi ndani ya nyumba."

Nyamongo alimtazama yule mwanamke, akaitazama mbingu iliyokuwa juu ya kitanda chake, akaangalia chini.

"Basi si nyumba," akasema. "Imetosha. Mtoeni mvuani."

Alipokuwa anaondoka alimvuta Machogu kando. Alimwambia kwamba kama si nyumba, basi mwezekaji yeyote anaweza kuipanda, hata yeye, na wasimngoje tena Ongeri. Ila ajue kwamba fungu la mwisho likishafungwa pale kileleni, imekuwa nyumba ya mwanawe kama zamani, na fungu hilo alifunge mwenyewe mwenye nyumba. Machogu alikubali. Alikubali upesi mno, kama mtu anayeogopa mwenzake asije akabadilisha mawazo.

Makori na majirani walijenga ukuta na kusimamisha fito. Kisha Machogu akapanda. Watu waliokuwa wamemjua miaka yote walisema hawajawahi kumwona anafanya kazi vile, fungu analichambua, analigonga, analirudisha chini kwa kuwa unyasi mmoja umepinda. Kazi ambayo kwa mwingine angeimaliza upesi, hii aliivuta. Hakuimba. Kwa kuwa bado haikuwa nyumba, alishuka adhuhuri akakaa palepale ndani, juu ya gogo, chini ya anga, na Bitutu akamletea chai. Siku ya kwanza aliiweka kwenye kigoda akageuza uso. Siku iliyofuata alimpa mkononi. Siku nyingine aliketi upande wa pili wa meko, na mzee akamwuliza kuhusu watu wa kwao, na maneno ambayo Bitutu aliyafunga miaka yote yakafunguka. Alimweleza jinsi nyumba ya baba yake ilivyo, na wimbo aliokuwa akiimbiwa akiwa mdogo, ndio huo anaomwimbia Nyasani. Akamsimulia tena Persis na kushoto kwake, akacheka, na Machogu akauona uso wake ukicheka. Mtoto alitambaa kati yao, kikohozi kimeanza kumwacha.

Kila jioni kile kipande cha mbingu kilikuwa kidogo zaidi.

Siku ya mwisho mawingu yalikaa mazito upande wa Kericho tangu asubuhi. Machogu alifunga safu ya juu kabisa, likabaki tundu la kutosha fungu moja tu. Kupitia hapo aliwaona chini, Bitutu amesimama na mtoto kiunoni, wote wawili wamemtazama juu bila kugeuza nyuso. Makori alikuwa nje, fungu tayari begani, anangoja kuitwa.

"Tata," Bitutu akasema kwa sauti ya kumfikia yeye peke yake, "hilo moja halina haraka."

Machozi yalikuwa yanamtoka mzee waziwazi, wala hakujisumbua kuyafuta, kwa kuwa pale alipokuwa hakuna aliyeweza kuyaona ila wale wawili. Kama ingekuwa hiari yake, angeliacha tundu lile mpaka kiangazi. Tone la kwanza likampiga shingoni. Jingine likapita pembeni yake, likaanguka ndani, na Nyasani akafumba macho.

"Mfunike mtoto, moka-Makori," akasema. Kisha akamwita mwanawe apande, akashuka.